Namba Kubwa, Kisu Bora? Jinsi Viwanda Vinavyovipa Visu Namba

Weka mezani visu viwili vya kampuni ya Buck ya Marekani, kimoja 110 na kingine 119, kisha umwite jirani. Swali lake la kwanza litakuwa: kipi bora? Wengine hata hawaulizi. Namba imepanda, basi na kisu kimepanda. Simu za mkononi ndizo zilizotuzoesha hivyo: toleo la mwaka huu lina namba kubwa kuliko la mwaka jana, na bei nayo inaifuata.

Kwenye visu mazoea hayo yatakupoteza. 119 ni kisu cha wawindaji kisichokunjwa, chenye bapa la inchi 6, na kilikuwa sokoni tangu miaka ya 1940. 110 ni cha kukunja, bapa lake ni inchi 3 na robo tatu, na kilitoka miaka ya 1960. Ndicho kilicholitangaza jina la Buck kwa watu wasiowahi kuwinda hata sungura. Baadaye ikaja 112, ambayo ni 110 iliyopunguzwa, bapa lake inchi 3. Sasa tazama: namba ndogo ni ya kisu kilichozaliwa baada ya kile chenye namba kubwa, na namba ya katikati ndiyo ya kisu kidogo kuliko vyote vitatu. Hakuna ngazi ya kupanda hapo.

Basi namba inasema nini? Jibu linategemea kiwanda. Kuna namba zinazotaja ukubwa, kuna zinazoeleza kisu kizima kuanzia mpini hadi chuma, na kuna namba bubu kabisa. Sura hii inazipitia zote, na mwisho wake utaweza kushika kisu usichokijua na kukisia kampuni imekupa namba ya aina gani.

## Namba hii aliandikiwa nani?

Mhunzi anayefua visu kwa mkono hahitaji namba. Mteja anakuja, anaonyesha kwa kidole, wanapatana. Namba inahitajika pale muuzaji, mteja na kisu wanapokuwa sehemu tatu tofauti.

Hivyo ndivyo biashara ya visu ilivyokuwa katika karne ya 19. Viwanda vya Sheffield kule Uingereza, Solingen kule Ujerumani na Thiers kule Ufaransa vilikuwa vinauza mbali, na kila kiwanda kilikuwa na mamia ya maumbo. Wachuuzi wa kampuni walizunguka na sampuli zilizoviringishwa katika kitambaa chenye mifuko, mwenye duka akachagua, oda ikaandikwa, barua ikapelekwa kiwandani. Fikiria kuandika: "Nipatieni dazeni 6 za visu vya kukunja, mpini wa mfupa uliochongwa, mabapa mawili marefu, moja lenye ncha na jingine butu, urefu wa kiganja." Karani anayesoma atachanganyikiwa, na fundi atatengeneza kitu kingine. Ukiandika "6254, dazeni 6", mambo yamekwisha.

Ndiyo maana nasema namba ya modeli, yaani namba inayotaja aina ya kisu, haikuandikwa kwa ajili ya mnunuzi. Iliandikwa kwa ajili ya karani, mtunza stoo na fundi. Sisi wanunuzi tunasoma barua isiyo yetu, na hapo ndipo tunapokosea.

Usiichanganye na namba nyingine mbili. Namba ya mfululizo hutolewa kwa kisu kimoja kimoja, kama namba ya injini ya gari, na visu vingi vya kawaida havina. Halafu kuna zile tarakimu zilizo chini ya mistari myeusi kwenye boksi, ambazo ni kwa ajili ya mashine ya dukani. Tutazirudia.

## Namba inayotaja ukubwa

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Ufaransa. Joseph Opinel, kijana wa familia ya wafua vyuma katika milima ya Savoie, alianza kutengeneza kisu chake cha kukunja chenye mpini wa mti mwaka 1890. Mwaka 1897 alikipanga katika saizi 12 na kuzipa namba 1 hadi 12. Basi. Umbo ni lilelile, mpini ni uleule, kinachobadilika ni ukubwa tu. Mkulima wa Savoie alisema "nipe namba 8" kama wewe unavyotaja saizi ya kiatu.

Watu wengi hudhani namba ya Opinel ni sentimita za bapa. Kwa juu ni kweli: namba 9 ina sentimita 9, namba 10 ina sentimita 10, namba 12 ina sentimita 12. Lakini namba 8, ambayo ndiyo inayopendwa kuliko zote, ina sentimita 8.5, na namba 2 ina sentimita 3.5. Hizi ni hatua za ngazi, na vipimo vya rula vinazikaribia tu.

Halafu ngazi yenyewe ina mapengo. Ukienda dukani leo hutapata namba 1 wala namba 11. Zote mbili ziliondolewa katika miaka ya 1930. Namba 1 ilikuwa ndogo mno hata isifae kazi, na namba 11 ilibanwa kati ya 10 na 12 bila sababu ya kuwepo. Opinel hawakuzisogeza namba nyingine ili kuziba mapengo, na walifanya la maana. Namba ikishazoeleka midomoni mwa watu, kuihamishia kisu kingine ni kuwatafutia wateja ugomvi na wenye maduka.

Baadaye wakaongeza namba 13. Kwa mtiririko ungetarajia sentimita 13, au 14. Bapa lake lina sentimita 22! Ni kisu cha maonyesho na cha kukatia tikitimaji kwenye sherehe. Hata kampuni yenye mpango mnyoofu kuliko zote inajiruhusu utani.

Kwa ufupi: namba inayotaja ukubwa inafaa kwa kampuni yenye umbo moja kuu. Ndani ya familia hiyo unaweza kuiamini. Nje yake haina kazi: namba 8 ya Opinel haihusiani kabisa na namba 8 ya mtu mwingine.

## Namba inayoeleza kisu kizima

Sasa tuje kwa W. R. Case & Sons wa Bradford, jimbo la Pennsylvania. Kwa maoni yangu hawa ndio waliobuni namba yenye akili kuliko zote katika biashara hii, na pia ndio waliojionea taabu zake.

Chukua ile 6254 ya karani wetu. Isome tarakimu moja moja. Tarakimu ya kwanza, 6, inataja mpini: mfupa uliochongwa mikwaruzo ili usiteleze mkononi. Ya pili, 2, ni idadi ya mabapa. Zinazobaki, 54, ni umbo la kisu kama lilivyo kwenye michoro ya kiwanda. Umbo hilo linaitwa Trapper, kisu cha watega wanyama. Kwa hiyo 6254 ni Trapper yenye mpini wa mfupa na mabapa mawili.

Badilisha tarakimu ya kwanza tu:

- 3254 ni Trapper ileile yenye mpini wa njano wa plastiki ngumu.
- 5254 ni Trapper ileile yenye mpini wa pembe ya kulungu.
- 6254 ni ya mfupa, kama tulivyoona.

Sasa badilisha umbo. 6318 ni mfupa, mabapa matatu, umbo la 18, ambalo ni kisu cha wafugaji chenye bapa la ncha, bapa lililonyooka na bapa butu la kuhasia wanyama. 6220 ni mfupa, mabapa mawili, umbo la 20, kisu kidogo kiitwacho Peanut, yaani Karanga. Ukishajifunza tarakimu chache za mpini, unaweza kusoma namba ya kisu ambacho hujawahi kukiona na kukijua nusu yake.

Mwishoni hufuata herufi. L maana yake bapa lina kufuli, halijikunji lenyewe mkononi. SS ni chuma kisichoshika kutu. CV ni chuma chenye kromu na vanadiamu, ambacho kinanoleka kirahisi lakini kinaingia madoa usipokifuta. Kwa hiyo 61953L inasomeka hivi: mfupa, bapa moja, umbo la 953, lina kufuli. Jaribu mwenyewe 610096 kabla ya kuendelea kusoma. Ni mfupa, bapa moja, umbo la 0096, kisu chembamba kama kijiti cha meno.

Case hawakuishia hapo. Kwenye msuka, yaani ile sehemu ya bapa inayoingia mpinini, walianza mwaka 1970 kupiga nukta kumi chini ya jina lao. Kila mwaka nukta moja iliondolewa. Kisu chenye nukta saba ni cha 1973. Chenye nukta moja ni cha 1979. Mwaka 1980 wakaanza upya na nukta kumi kwa mhuri wenye herufi za mtindo mwingine. Namba inasema kisu ni cha aina gani, nukta zinasema kilitengenezwa lini. Wakusanyaji wa visu vya zamani hubeba kioo cha kukuzia kwa ajili ya nukta hizo tu, kwa sababu nukta moja inaweza kubadilisha bei.

Si Case peke yao waliopita njia hii. Remington, kampuni ya bunduki iliyoingia kwenye visu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nayo ilificha mpini ndani ya namba, ila iliuweka mwishoni. Katika R1123, kisu chao mashuhuri cha mwaka 1922, herufi R ni jina la kampuni na 3 ya mwisho ni mfupa. Kwa hiyo mtu aliyezoea Case akishika Remington na kusoma tarakimu ya kwanza kama mpini, ameshapotea. Ufunguo wa nyumba hii haufungui ile.

## Visu vinane vya Uswisi

Victorinox ya Ibach, Uswisi, iliyoanzishwa na Karl Elsener mwaka 1884, haichapi namba ya modeli kwenye bapa la kisu chake cha mfukoni. Namba ipo kwenye boksi na kwenye orodha ya bidhaa. Wengi huiona kama rundo la tarakimu tu. Hebu tupange visu vinane vya urefu uleule, milimita 91, tuvitazame pamoja:

- 1.3603 Spartan: kizibuo cha mvinyo
- 1.3703 Climber: kizibuo na mkasi
- 1.3613 Camper: kizibuo na msumeno
- 1.3713 Huntsman: kizibuo, mkasi na msumeno
- 1.4603 Tinker: bisibisi ya nyota
- 1.4703 Super Tinker: bisibisi ya nyota na mkasi
- 1.4613 Hiker: bisibisi ya nyota na msumeno
- 1.4713 Fieldmaster: bisibisi ya nyota, mkasi na msumeno

Tazama tarakimu ya kwanza baada ya nukta. Ikiwa 3, mgongoni mwa kisu kuna kizibuo. Ikiwa 4, kuna bisibisi ya nyota. Tarakimu inayofuata ni 6 kama hakuna mkasi, na 7 kama upo. Inayofuata tena ni 0 bila msumeno, na 1 ukiwepo. Mnunuzi asiyekunywa mvinyo na anayefungua skrubu kila siku anatafuta 4, na hana haja ya kumwuliza mtu. Ukitaka kujipima, Explorer ni 1.6703. Una mkasi? Una msumeno? Mkasi upo, msumeno haupo. Ile 6 imekuja pamoja na kioo cha kukuzia.

Baada ya hapo inakuja rangi. Kisu chekundu ndicho cha kawaida, kwa hiyo hakiongezewi kitu. 1.3603.3 ni Spartan nyeusi. Ukiona .2 ni buluu, .4 kijani, .7 nyeupe, .8 njano. Herufi T mbele ya tarakimu inaonyesha plastiki inayopenyeza mwanga, kwa hiyo 1.3703.T2 ni Climber ya buluu ya kung'aa.

Ninachokipenda ni kwamba tarakimu hizo za rangi zinaendelea hadi jikoni. Wenye bucha na wapishi wa hoteli wanavijua visu vya Victorinox vyenye mpini wa plastiki usioteleza. Kisu cha mpishi chenye mpini mweusi na bapa la sentimita 19 ni 5.2003.19. Tarakimu ya nne baada ya nukta ya kwanza ni rangi: 5.2001.19 ni chekundu, 5.2002.19 buluu, 5.2004.19 kijani. Mkia ni urefu wa bapa kwa sentimita; 5.2003.25 ni kisu hichohicho kilichorefushwa hadi 25. Kisu cha kutenganishia nyama na mfupa, kile kilichopinda kidogo, ni 5.6603, na unakipata cha .12 au .15.

Rangi hapa si urembo. Katika jikoni nyingi za hoteli kisu chekundu ni cha nyama mbichi, cha buluu ni cha samaki na cha kijani ni cha mboga na matunda, ili vimelea vya kuku mbichi visiingie kwenye kachumbari. Meneja wa hoteli anayeagiza visu 30 anaweza kuagiza kwa tarakimu peke yake na rangi zikaja sawa. Akikosea tarakimu moja, atapokea visu 30 vya rangi isiyo na kazi kwake.

Hata kile kisu kidogo cha kumenyea viazi kina mpango wake. 6.7603 ina bapa la sentimita 8 na makali ya kawaida, 6.7633 ni ya sentimita 8 yenye makali ya meno, nzuri kwa nyanya. 6.7703 ni ya sentimita 10, na ya meno ni 6.7733. Humo hamna mkia wa sentimita, urefu umefichwa katikati. Kampuni moja, njia mbili za kuandika urefu. Usitafute sababu kubwa. Orodha za bidhaa hukua kama mji wa zamani, mtaa huu ukichorwa kabla ya ule.

## Mkia unaopima bapa

Kwa visu vya jikoni, kuweka urefu mwishoni ndiyo desturi iliyoenea zaidi, kwa sababu umbo moja huuzwa katika urefu mwingi. Wüsthof wa Solingen walikiita kisu chao cha mpishi cha mfululizo wa Classic 4582/20: umbo la 4582, sentimita 20. Jirani zao Zwilling, walioanza mjini humo humo mwaka 1731, wana 31021-201, na hapo lazima uwe macho. 201 si milimita 201. Ni 20 ikifuatiwa na tarakimu ya kiwanda, ndiyo maana kisu cha sentimita 16 ni -161 na cha 26 ni -261.

Wajapani wa MAC huandika MTH-80, na 80 hiyo ni inchi 8. Tramontina wa Brazili, walioanza mwaka 1911, huweka inchi za panga mwishoni baada ya mkwaju: 26620/018 ni panga la inchi 18. Kwa hiyo ukishaona mkia, hatua ya pili ni kujua ni sentimita au inchi, na rula ya mwanafunzi inamaliza ubishi huo kwa sekunde tano.

## Namba bubu

Kampuni nyingine hazitaki namba iseme chochote. Kisu kinachofuata kinapewa namba inayofuata, au namba yoyote iliyo wazi, hadithi imekwisha.

Global wa Niigata, Japani, walitoa visu vyao vya chuma kitupu, bila mti wala plastiki, mwaka 1985. Kisu chao cha mpishi cha sentimita 20 ni G-2. Cha sentimita 24 ni G-16, na cha sentimita 27 ni G-17. Kati ya G-2 na G-16 wamekaa visu vya mkate, vya samaki na vinginevyo. Herufi ndizo zenye habari: GS ni jamii ya visu vidogo, GF ni vile vizito vilivyofuliwa. Namba ni foleni tu.

Spyderco wa Golden, Colorado, nao ni hivyo. Kisu chao cha kwanza cha kukunja, mwaka 1981, ni C01. Herufi C ni kwa visu vya kukunja vyenye kibanio cha kushikia mfukoni, K ni vya jikoni, FB ni visivyokunjwa. C10 ni kikubwa kuliko C11, na hilo halina maana yoyote zaidi ya kwamba viliingia orodhani kwa mpangilio huo.

Tojiro wako katikati ya njia, kwa namna ya kuchekesha. Visu vyao vya mpishi ni F-807, F-808, F-809 na F-810, na mabapa yake ni sentimita 18, 21, 24 na 27. Mpangilio upo, hatua za sentimita 3, lakini hakuna hata namba moja inayotaja sentimita zake. Lazima ukariri.

Wanunuzi huzilalamikia namba bubu. Mimi naona zina busara yake, na busara hiyo inaonekana pale namba zenye maelezo zinapoanza kuelemewa.

## Namba inapoelemewa

Rudi kwa Case. Tarakimu moja ya mpini inatosha aina tisa. Walipoanza kutumia vifaa vipya vya maabara, kama nguo iliyoshindiliwa kwa gundi ngumu, tarakimu zilikuwa zimejaa. Wakatumia 10. Sasa namba inayoanza na 1 inakulazimisha usimame: ni 1, mti wa jozi, au ni 10? Na bado tarakimu 6 inabeba mfupa wa kila rangi, mwekundu, wa kijani, wa kaharabu, uliochongwa hivi na uliochongwa vile. Mwenye duka mwenye aina nyingi za 6254 rafuni hawezi kuagiza kwa kusema "6254". Dawa waliyoipata ni kuweka pembeni namba nyingine, bubu: ile Trapper ya njano yenye chuma cha CV, 3254 CV, inaagizwa kama 00161. Namba ya zamani imebaki kuwa lugha ya wapenzi, na namba bubu ndiyo inayofanya kazi ya stoo.

Wüsthof walipoingia kwenye kompyuta walibadilisha kabisa. 4582/20 ya zamani sasa ni 1040100120. Ndefu, haishikiki kichwani, lakini tazama mwisho wake: 20 bado ipo. Kile cha sentimita 16 kinaishia na 16. Mkia ulinusurika.

Na Buck? 110 kwenye orodha ya kompyuta imekuwa 0110BRS-B. Sifuri imewekwa mbele ili namba zote ziwe na tarakimu nne, na B ya mwisho ni boksi. Herufi za namna hii ndizo njia ya kisasa: namba fupi bubu kwa ajili ya kisu, kisha herufi kwa ajili ya mabadiliko. Benchmade wa Oregon wanaifanya vizuri. 940 ni kisu. 940S kina sehemu ya makali ya meno. 940BK bapa lake limepakwa rangi nyeusi. 940SBK ni vyote viwili. Wakibadilisha mpini wanaongeza kistari: 940-1 ni nyuzi za kaboni. Umbo jipya linapokuja hawana haja ya kuvunja kitu cha zamani.

Kwa ufupi: namba yenye maelezo inapendeza kwa miaka ya kwanza thelathini. Namba bubu yenye mkia wa herufi inakubali kila kitakachokuja.

## Mistari myeusi na visu bandia

Zile tarakimu 13 chini ya mistari myeusi si namba ya modeli. Tarakimu za mwanzo zinaonyesha ofisi ya nchi iliyoiandikisha kampuni: 76 ni Uswisi, 616 ni Kenya, 620 ni Tanzania. Boksi la Victorinox huanza na 7611160. Ya mwisho kabisa ni tarakimu ya ukaguzi, ambayo mashine huikokotoa ili kujua kama imesoma vibaya. Mtu akikuambia 620 inathibitisha kisu kimetengenezwa Tanzania, mweleze kwamba inathibitisha aliyekiandikisha tu. Chuma kinaweza kuwa kimetoka popote.

Wala namba ya modeli haithibitishi kuwa kisu ni halali. Anayeiga kisu huiga na namba, tena namba ndiyo rahisi kuliko yote kuiga. Hapo ujuzi wa sura hii unasaidia kwa upande mmoja: waigaji hawajui sarufi ya namba. Ukiona boksi limeandikwa 1.3603 na ndani kuna kisu chenye msumeno, au 5.2003.19 kwa kisu cha mpini mwekundu, rudisha bila kubishana. Vivyo hivyo kisu cha Case kinachotangazwa kuwa cha 1975 lazima kiwe na nukta tano.

## Unapoagiza kwa simu

Muuzaji wa mbali akikutumia picha na bei, mwombe akuandikie namba yote, pamoja na nukta, mikwaju na herufi za mwisho. Halafu:

- Tafuta mkia. Tarakimu mbili za mwisho zikiwa kati ya 08 na 36, huenda ni sentimita; linganisha na picha.
- Tazama herufi. S mara nyingi ni makali ya meno, BK ni nyeusi.
- Usiilinganishe namba ya kampuni hii na ya kampuni ile. Kamwe.
- Ukinunua ala au sehemu ya kubadilisha, tumia namba ya kisu chenyewe, siyo jina. Ala ya 110 inaipwaya 112, ingawa kwenye picha visu hivyo vinafanana.

Na kama muuzaji hana namba, anajua jina tu, muulize urefu wa bapa kwa sentimita na aina ya chuma. Hayo mawili ndiyo karani wa Solingen angekuuliza kabla hajainua kalamu.